Kalemie: Hesabu za kodi zibandikwe ukutani, zisingoje korti

Kila asubuhi, kabla hajauza hata sahani moja ya ndakala, mama wa soko mjini Kalemie analipa jetoni. Motari analipa vibali vya pikipiki yake. Mwenye boti analipa bandarini kabla ya kupakia unga na mafuta ya mawese. Mwenye duka anapokea watumishi wa mji, wa jimbo na wa serikali kuu, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Anayenunua petroli analipa, ndani ya bei, sehemu ya FONER, mfuko wa kutunza barabara ulioundwa mwaka 2008, hata kama anaishi mahali ambapo gari linakwama kila msimu wa mvua. Anayepanda ndege analipa Go-Pass, malipo yaliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya kutengeneza viwanja vya ndege.

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema kodi zote zifutwe. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamwagiza kila Mkongomani kulipa kodi na ushuru. Bila kodi hakuna mshahara wa mwalimu, hakuna dawa kwenye kituo cha afya, hakuna mfereji wa maji ya mvua. Lakini agizo hilo lina upande wa pili usiotajwa sana: anayepokea fedha za mwingine anapaswa kumwambia amezifanyia nini.

Upande huo ndio unaokosekana Kalemie. Maswali matatu yanatosha kulionyesha hilo. Mwaka jana mji ulikusanya kiasi gani sokoni? Kinshasa ilituma kiasi gani kwa jimbo la Tanganyika, na tarehe gani? Fedha hizo zilifanya kazi gani, na kampani ipi ililipwa? Muuzaji hajui, motari hajui, mwalimu hajui. Mara nyingi hata mtu anayekusanya jetoni asubuhi hajui zinakoishia jioni.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia wala wataalamu kutoka Ulaya. Inahitaji karatasi, gundi na ukuta. Hesabu za mji na za jimbo ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, zibandikwe mahali ambapo watu wanapita, kila miezi mitatu, kabla fedha hazijaliwa na baada ya kazi kumalizika.

Korti inafika fedha zimekwisha kwenda

Nchi nzima imezoea kungoja kesi. Mwezi wa Aprili 2020, Vital Kamerhe, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais, alikamatwa kwa ajili ya fedha za programu ya siku 100, zikiwemo za nyumba 1,500 za kuunganishwa. Kesi ilionyeshwa kwenye televisheni ya taifa na watu wakaifuata kama mechi ya mpira. Juni 2020 alihukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu. Miaka miwili baadaye, mwaka 2022, korti ya rufaa ya Kinshasa ilimwachia huru na kusema hana hatia. Raia aliyefuata kesi hiyo tangu siku ya kwanza alibaki na swali lile lile: nyumba ziko wapi?

Kisha ikaja kesi ya Bukanga Lonzo. Shamba hilo kubwa la serikali lilizinduliwa mwaka 2014, na wakaaji wa Kinshasa waliahidiwa unga wa bei nafuu. Mradi ulianguka baada ya miaka michache. Ni tarehe 20 Mei 2025 tu ndipo Korti ya Katiba ilipomhukumu waziri mkuu wa zamani, Augustin Matata Ponyo, ambaye siku zote alikana makosa, miaka 10 ya kazi ngumu. Kutoka uzinduzi hadi hukumu ilipita karibu miaka 11. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uzinduzi alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi.

Septemba 2025 ilikuwa zamu ya waziri wa zamani wa sheria, Constant Mutamba. Korti ya Kasasioni ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu katika kesi ya dola milioni 19 za kujenga gereza Kisangani. Naye alikana.

Hukumu hizo si bure. Zinamwonyesha kila waziri kwamba kiti hakimlindi milele. Lakini zina upungufu ambao raia wa Kalemie anapaswa kuuona wazi. Kwanza, korti inaingia wakati fedha zimekwisha kutoka. Pili, korti inatafuta nani amekosa; haina kazi ya kueleza kwa nini zahanati ya kijiji fulani haina paa. Tatu, kesi hizo zote ni za Kinshasa na za mamilioni ya dola. Hakuna korti itakayofungua kesi kwa ajili ya jetoni za soko moja la Kalemie, ingawa jetoni hizo, zikijumlishwa siku kwa siku na mwaka kwa mwaka, ni mali ya maana kwa mji ambao hauna mifereji ya kutosha.

Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulilielewa jambo hili. Chini ya Jules Alingete, kuanzia mwaka 2020, wakaguzi wake walianza kile walichokiita doria ya fedha: mkaguzi anakaa ndani ya ofisi au kampani ya serikali na kuangalia matumizi kabla hayajafanyika. Wazo lilikuwa zuri, kwa sababu kuzuia ni rahisi kuliko kurudisha. Lakini wakaguzi ni wachache na nchi ni kubwa. Wakaguzi ambao hawatakwisha kamwe ni raia wenyewe, mradi wapewe karatasi ya kusoma.

Jimbo lilipata jina, daftari halikufunguliwa

Tanganyika ilizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne. Kalemie ikawa makao makuu ya jimbo lenye wilaya sita: Kalemie, Kabalo, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu. Ahadi ya mgawanyo huo ilikuwa kwamba madaraka yatasogea karibu na raia. Mtu wa Kongolo hatalazimika tena kungojea Lubumbashi, na mtu wa Moba atamjua gavana wake kwa sura.

Madaraka yalisogea. Hesabu hazikusogea pamoja nayo.

Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa na mpango ulio wazi. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni sehemu ya majimbo, na kwamba sehemu hiyo inabakizwa pale pale inapokusanywa. Kifungu cha 181 kinaongeza mfuko wa kusawazisha majimbo, unaopaswa kupata asilimia 10 ya mapato ya taifa, ili jimbo maskini lisiachwe nyuma. Kwa matendo, fedha zinapanda kwanza Kinshasa, kisha sehemu inarudishwa majimboni kwa njia inayoitwa retrosesioni. Kwa miaka mingi magavana wa pande zote za nchi wamelalamika kwamba kinachorudi ni kidogo kuliko haki yao, na kinachelewa.

Malalamiko hayo ni ya kweli, na Tanganyika ina haki ya kuyapaza. Tatizo ni kwamba yamegeuka pazia. Barabara ikiharibika, jibu ni kwamba Kinshasa haijatuma. Mfereji ukiziba, Kinshasa haijatuma. Lakini siku ambayo Kinshasa imetuma, sauti inayotangaza kiasi na tarehe haisikiki kwa nguvu ile ile. Raia anaambiwa juu ya ukame, haambiwi juu ya mvua.

Tangu mwaka 2016 jimbo limepata magavana wanne waliochaguliwa na wabunge wa jimbo: Richard Ngoy Kitangala, Zoé Kabila mwaka 2019, Julie Ngungwa mwaka 2022 na Christian Kitungwa mwaka 2024. Mwezi wa Mei 2021 wabunge hao walionyesha kwamba wana meno: walimwondoa Zoé Kabila kwa kura ya kutokuwa na imani, ingawa alikuwa ndugu wa Rais wa zamani. Wakaaji wengi walifuata siku hizo kwa shauku. Hata hivyo, kubadilisha mtu si sawa na kufungua daftari. Gavana anaweza kuondoka asubuhi, mwingine akaingia jioni, na swali la fedha zilizopita likabaki ndani ya kabati.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 180 cha Katiba kinaipa Korti ya Hesabu kazi ya kukagua fedha za serikali, za majimbo, na za miji, komini, sekta na utemi. Sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011 inadai kwamba baada ya mwaka wa bajeti, serikali irudi mbele ya wabunge na kueleza jinsi bajeti ilivyotekelezwa: kiasi kilichotarajiwa, kiasi kilichoingia, kiasi kilichotumika. Ni kwa kazi hiyo, kuliko hotuba na sherehe, mbunge wa jimbo anaweza kumwambia aliyempigia kura kwamba amemtumikia.

Na kuna kifungu kingine ambacho wachache wanakikumbuka. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaiagiza serikali kusambaza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 baada ya kutiwa sahihi. Kiswahili ni moja ya lugha hizo nne. Sheria ya bajeti ya taifa nayo ni sheria. Ni nani Kalemie aliyewahi kushika mkononi bajeti ya nchi yake iliyoandikwa kwa Kiswahili? Wizara ya Bajeti inaweka karatasi zake kwenye intaneti, na hilo ni jema, lakini ziko kwa Kifaransa cha ofisini na zina kurasa nyingi. Anayelipa kodi kwa Kiswahili anaelezwa matumizi kwa lugha asiyoitumia sokoni.

Sanduku la kufuli tatu

Wapo watakaosema kwamba raia wa kawaida hawezi kuelewa mambo ya fedha. Anayesema hivyo hajawahi kukaa kwenye kikao cha AVEC, vile vyama vya kuweka na kukopeshana ambavyo vimeenea mashariki ya Kongo, mijini na vijijini.

Ndani ya AVEC kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Haliwezi kufunguliwa mpaka wote wakutane mbele ya wanachama. Fedha zinahesabiwa kwa sauti. Kila mwanachama ana kijitabu chake na anajua kilichomo sandukuni tangu mkutano uliopita. Mwisho wa mzunguko, fedha zinagawanywa kila mmoja akiona. Wengi wa wanachama ni wanawake, na baadhi yao hawakumaliza shule ya msingi. Akichelewa mmoja kurudisha mkopo, kikundi kizima kinajua jina lake, kiasi na tarehe.

Makanisa nayo yana desturi yake. Katika parokia nyingi, sadaka ya Jumapili iliyopita inatangazwa Jumapili inayofuata. Hakuna muumini anayemwona padri au mchungaji kuwa mwizi kwa sababu kiasi kimetajwa. Kinyume chake, siku ambayo hakitajwi ndiyo siku watu wanaanza kunong'ona.

Basi wakaaji wa Kalemie wanajua kudai hesabu, wanajua kuzisoma, na wanajua kuzitunza. Methali inasema mali bila daftari huisha bila habari. Yanayofanyika katika AVEC ya wanawake 25 yanaweza kufanyika katika komini, mjini na jimboni. Kinachohitajika ni kwamba mwenye ufunguo akubali wengine wawe na funguo zao.

Kodi ya simu na mafunzo ya majirani

Mwaka 2020 serikali ilianzisha kodi ya simu iliyoitwa RAM. Mwenye simu ya kawaida alikatwa dola moja kwa mwaka, na mwenye simu ya intaneti ya 3G au 4G alikatwa dola saba, kidogo kidogo kutoka kwenye yuniti zake. Raia aliiona kodi hiyo kwa macho yake: aliweka yuniti, na baada ya muda zikapungua. Kwa sababu aliona, aliuliza. Kelele zilitoka mitaani, vyuoni na kwenye mitandao, zikafika Bunge la Taifa mwaka 2021, na waziri akalazimika kujibu. Mwaka 2022 kodi hiyo ilisimamishwa. Swali la wapi zilikwenda fedha zilizokwisha kukatwa lilibaki midomoni mwa watu wengi. Lakini funzo ni kubwa: kodi inayoonekana inaulizwa. Kodi isiyoonekana inasahauliwa, na fedha zake zinasahauliwa pamoja nayo.

Uganda inatoa mfano unaojulikana duniani kote. Katika miaka ya 1990, serikali ya Kampala ilikuwa inatuma ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule za msingi. Watafiti wakafuatilia fedha hizo hadi kwenye shule 250. Waligundua kwamba kati ya 1991 na 1995, kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo iliyofika shuleni. Sehemu kubwa ilipotelea njiani, katika ofisi za wilaya. Serikali haikuanza kwa kujenga magereza mapya. Ilianza kutangaza kwenye magazeti na redio kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi walichopokea mahali ambapo wazazi wanaweza kukiona. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya fedha hizo zilikuwa zinafika. Baadaye wataalamu walibishana kama ni matangazo peke yake yaliyoleta badiliko hilo au pia mageuzi mengine ya wakati ule. Lakini hakuna aliyedai kwamba giza lingefanya kazi vizuri zaidi.

Karibu zaidi, Kivu Kusini ilijaribu bajeti shirikishi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Katika maeneo kama komini ya Ibanda mjini Bukavu na utemi wa Luhwinja wilayani Mwenga, wakaaji waliitwa mikutanoni, wakachagua kazi za kutangulizwa, na ujumbe wa simu ukatumika kuwaarifu na kukusanya maoni yao. Benki hiyo iliripoti kwamba katika baadhi ya maeneo makusanyo ya kodi yalipanda. Sababu yake haihitaji elimu kubwa: mtu aliyeona choo cha soko kimejengwa kwa jetoni zake analipa jetoni ya kesho bila kufukuzwa.

Na ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania anamkabidhi Rais ripoti yake kufikia mwisho wa Machi, kisha inapelekwa bungeni na kujadiliwa kwa Kiswahili. Mwaka 2018 alikuwa ni mbunge wa Kigoma Mjini, Zitto Kabwe, aliyesoma ripoti ya mwaka wa fedha 2016/17 na kudai kwamba shilingi trilioni 1.5 hazionekani matumizi yake. Serikali ilikanusha na kutoa maelezo yake, na mabishano yakawa makali. Tanzania haikuwa peponi kwa sababu ya ripoti hiyo. Lakini mvuvi wa Kigoma alisikia hesabu za nchi yake zikibishaniwa kwa lugha yake. Mvuvi wa Kalemie, anayetupa nyavu kwenye maji yale yale, bado anangoja.

Hoja za wanaokataa

Hoja ya kwanza ya ofisini ni kwamba fedha ni kidogo, na kutangaza kiasi kidogo kutaleta aibu au ghadhabu. Ukweli ni kinyume. Jimbo likibandika ukutani kwamba bajeti ilitarajia kiasi hiki kutoka Kinshasa na kilichofika ni kiasi kile, litakuwa limejipatia silaha bora kuliko barua mia moja. Wakaaji watajua nani wa kumdai. Gavana anayeficha kidogo alichopokea anabeba lawama ya Kinshasa na yake pamoja.

Hoja ya pili ni usalama. Tanganyika imepitia machungu, hasa vita kati ya Watwa na Waluba ambavyo mwaka 2016 na 2017 viliwafanya maelfu ya familia kukimbilia kambi kandokando ya Kalemie. Ni kweli kwamba baadhi ya matumizi ya ulinzi hayawezi kuandikwa ukutani. Lakini bei ya madawati si siri ya jeshi. Gharama ya daraja si siri ya jeshi, wala makusanyo ya soko.

Hoja ya tatu ni kwamba watu hawalipi kodi, basi wasidai hesabu. Wapo wanaokwepa, na wanakosea. Lakini mama aliyelipa jetoni leo amelipa, na haki yake haipotei kwa sababu mfanyabiashara mkubwa amejificha. Hesabu zikitoka hadharani, hata huyo mfanyabiashara ataonekana, kwa sababu watu watauliza kwa nini mauzo yote ya bandari yanaleta kidogo kuliko mboga za sokoni.

Maji yalipanda, na madini yanakuja

Mambo mawili yanafanya kazi hii isiweze kungoja.

La kwanza ni ziwa. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda kupita kiasi, yakaingia bandarini na kwenye mitaa ya pwani ya Kalemie, yakabomoa nyumba na kuwafukuza wakaaji. Maafa ya namna hiyo yatarudi. Yanapokuja, fedha za dharura zinatolewa haraka, mikataba inatiwa sahihi haraka, na misaada inagawanywa haraka. Ni wakati huo huo ndipo ni rahisi zaidi kwa kitu kupotea. Mji wenye desturi ya kubandika orodha wakati wa kiangazi utaibandika pia wakati wa mafuriko: nani alipewa, nini, kiasi gani, na nani alilipwa kwa kazi gani.

La pili ni Manono. Chini ya ardhi ya wilaya hiyo kuna moja ya hazina kubwa za lithiamu duniani, na kampani kubwa za nje zimekuwa ziking'ang'ania haki ya kuichimba. Sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, utemi, komini au mji ambako madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyo pia inadai kwamba kampani itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale.

Maana yake ni kwamba siku lithiamu ya Manono itakapouzwa kwa wingi, jimbo na vijiji vitapokea fedha ambazo havijawahi kuziona. Mtu asiyezoea kuonyesha hesabu ya franka elfu moja hataanza kuzoea atakaposhika mamilioni ya dola. Desturi hiyo lazima ianze sasa, fedha zikiwa bado chache na vishawishi vikiwa bado vidogo.

Kila mmoja na kazi yake

Serikali ya jimbo ianze na karatasi moja kila miezi mitatu: kilichoingia kutoka Kinshasa, kilichokusanywa na jimbo, kilicholipwa, kwa nani, kwa kazi gani. Karatasi hiyo ibandikwe mbele ya ofisi ya gavana, kwenye ofisi za wilaya zote sita, na isomwe redioni kwa Kiswahili, kwa sababu huko Nyunzu na Kabalo redio inafika mahali ambapo gari halifiki.

Meya na wakubwa wa komini wabandike kwenye kila soko kiasi cha jetoni kilichokusanywa mwezi uliopita na kazi iliyofanyika kwa fedha hizo. Kila kazi ya ujenzi iwe na kibao kinachotaja bei, kampani, chanzo cha fedha, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Kibao chenye picha ya kiongozi bila bei si hesabu, ni matangazo.

Wabunge wa jimbo, kikao cha Septemba ambacho ni cha bajeti kitakapofika, wasikubali kujadili bajeti mpya kabla ya kupewa hesabu za bajeti iliyopita. Hakuna mama anayempa mtoto fedha za soko mara ya pili bila kuuliza chenji ya kwanza. Wabunge wa taifa waliochaguliwa Tanganyika nao waulize Kinshasa kwa nini kifungu cha 142 hakitekelezwi, na kwa nini kifungu cha 175 kimebaki maandishi.

Mashirika ya raia yana kazi ngumu zaidi: kusoma karatasi hizo zitakapotoka, kwenda kuona kama daraja lililoandikwa lipo mtoni, na kusema ukweli hata kama aliyefanya vizuri ni mtu wa chama wasichokipenda. Waandishi wa habari waache kuridhika na habari za uzinduzi. Jiwe la msingi ni mwanzo wa habari, na anayelipiga picha anapaswa kurudi baada ya mwaka mmoja kuangalia kama kuna ukuta juu yake.

Na raia mwenyewe aendelee kulipa, adai risiti kila anapolipa, na akatae malipo yasiyo na karatasi. Risiti ni nusu yake ya daftari. Nusu ya pili iko ofisini, na ni yake vilevile. Aende kuiomba, leo kwa adabu, kesho kwa adabu, na keshokutwa akiwa na majirani zake.